Mikato na michubuko midogo: namna ya kuitibu nyumbani, kuanzia damu mpaka ngozi mpya

Wengi wanaoniletea kidonda kilichotunga usaha hawakukizembea. Walikihangaikia kupita kiasi. Goti la mtoto lilichubuka Jumamosi, likafutwa kwa kitambaa kikavu, likamwagiwa spiriti mtoto akapiga yowe mtaa mzima ukasikia, likapakwa GV, juu yake ukanyunyizwa unga wa kapsuli, kisha likaachwa wazi "lipigwe upepo". Jumatano goti limevimba, na chini ya rangi ile ya zambarau zimo chembe zilezile za mchanga wa Jumamosi.

Walichoruka ni maji. Ukiondoka na jambo moja tu hapa, liwe hilo: jeraha dogo linahitaji kuoshwa sana na kupakwa kidogo.

Ninazungumzia majeraha ya nyumbani hasa: kisu kilichoteleza ukikata mchicha mkononi, kiganja kilichokwaruzwa na mbuzi ya kukunia nazi, goti la mpira wa mtaani, kidole kilichokatwa na bati au kopo la samaki. Kuungua moto kuna taratibu zake na sitaugusa.

## Vitu vya kuandaa kabla hajaumia mtu

Viweke kwenye kopo moja lenye mfuniko, mahali ambapo kila mkubwa wa nyumba anapajua na mtoto hafiki.

- Sabuni ya kawaida ya kipande. Haihitaji kuwa ya dawa.
- Maji safi, lita 1 au zaidi. Maji unayokunywa yanatosha. Ya kisima, ya mto au ya tangi lisilofunikwa yachemshe, yaache yapoe, yahifadhi kwenye chombo safi.
- Chupa ya plastiki ya nusu lita, mfuniko wake umetobolewa matundu matatu manne kwa sindano iliyopashwa moto. Hiki ndicho kifaa changu ninachokipenda kuliko vyote humu, na hakina gharama.
- Shashi (wengine huita gozi) zilizo kwenye pakiti ndogondogo. Pakiti ikishafunguliwa, shashi iliyobaki si safi tena, kwa hiyo usinunue bunda kubwa.
- Plasta za kubandika, plasta ya roli na bandeji moja ya kuzungusha.
- Glavu jozi mbili. Ukikosa, mfuko mzima wa mkate unafaa. Mifuko ya rambo iliondoka Tanzania mwaka 2019, lakini mkate bado unakuja umefungwa.
- Kibanio cha nyusi chenye ncha nzuri, na mkasi.
- Mafuta ya mgando, kopo dogo jipya la kazi hii tu. Lile la familia limeshaingiwa na vidole vya watu sita.
- Kipande cha kanga kuukuu ya pamba, kilichofuliwa, kikakauka juani na kupigwa pasi pande zote mbili.
- Paracetamol ya maumivu. Aspirini usiiweke humu: huongeza kutoka damu, na watoto chini ya miaka 16 hawapaswi kuitumia bila daktari.

Pamba sikuisahau. Nyuzi zake hunasa kwenye jeraha bichi na kubaki ndani kama takataka nyingine yoyote. Itumie kusafisha ngozi ya pembeni, jeraha lenyewe usiliguse nayo.

## Hatua ya 1: Mkalishe, kisha nawa mikono yako

Mtu akiona damu yake anaweza kuzimia, hata mwanaume mwenye misuli. Mkalishe chini au mlaze. Akianguka akagonga kichwa kwenye sakafu utakuwa na mgonjwa mwingine kabisa.

Kama ameumia mkono na amevaa pete au bangili, ivue sasa hivi. Baada ya nusu saa kidole kitakuwa kimevimba, na pete italazimika kukatwa.

Mwambie agandamize mwenyewe jeraha kwa kitambaa safi wakati wewe unanawa. Nawa kwa sabuni, kati ya vidole na chini ya kucha, kisha vaa glavu. Glavu zinamkinga yeye na vijidudu vya mikono yako, na zinakukinga wewe na damu yake. Hata awe mwanao, usione haya kuzivaa. Kama damu imekugusa kwenye ngozi nzima, isiyo na jeraha, osha kwa maji na sabuni.

## Hatua ya 2: Gandamiza dakika 10 bila kuchungulia

Weka shashi au kile kipande cha kanga juu ya jeraha na gandamiza kwa nguvu ya wastani, palepale panapotoka damu. Kama ni mkono au mguu, uinue upite usawa wa moyo. Angalia saa ya simu. Dakika 10.

Hapa ndipo watu wanapofeli. Sekunde ishirini, wanafunua. Damu bado inatoka. Wanagandamiza, sekunde ishirini nyingine, wanafunua tena. Robo saa ikipita wanasema damu imegoma kukata, na mtaa mzima umeshajaa uani.

Damu huziba tundu lake yenyewe kwa kuganda pale mshipa ulipokatika. Mwanzoni bonge hilo ni jepesi kama utando wa juu ya maziwa yaliyochemka. Kila unapofunua, kitambaa kinaondoka nalo, na mwili unaanza kazi upya. Kitambaa kikilowa, usikitoe. Ongeza kingine juu yake na uendelee kugandamiza.

Usifunge kamba, uzi au mpira kwenye kidole "kuzuia damu". Kwa mkato mdogo hauna haja nayo, na kidole kilichokosa damu kwa muda mrefu kinaweza kufa.

Mchubuko wa goti unaovuja matone matone hauhitaji dakika 10. Nenda moja kwa moja kwenye maji. Na usishtuke na majeraha ya kichwani na mdomoni: sehemu hizo zina mishipa mingi midogo, kwa hiyo mkato wa sentimita moja unaweza kulowesha shati zima. Mdomo wa ndani au ulimi, mpe kipande cha barafu kilichofungwa kwenye kitambaa safi akibane hapo.

Umefanikiwa kama kitambaa cha mwisho hakiongezi doa. Ukifunua ukaona damu inajikusanya taratibu, gandamiza dakika 10 nyingine. Ikishinda awamu ya pili, hilo si la nyumbani. Nenda kituo cha afya huku mkono haujaachia. Na kama damu inaruka kwa mapigo, usisubiri hata awamu ya kwanza iishe. Gandamiza kwa nguvu na mwondoke sasa.

## Hatua ya 3: Amua kama ni jeraha la nyumbani

Damu imetulia, sasa litazame vizuri penye mwanga. Mpeleke zahanati au hospitali ukiona mojawapo ya haya:

- Midomo ya jeraha imeachana na haikutani yenyewe, au ndani unaona mafuta ya njano, nyama au mfupa.
- Liko usoni, hasa karibu na jicho au kwenye ukingo wa mdomo, au linapita juu ya kiungo.
- Ndani kuna kioo, mwiba uliozama au kipande cha chuma. Kitu kilichochoma kwa kina usikichomoe. Mara nyingi ndicho kilichoziba mshipa.
- Ameumwa na mnyama au mtu.
- Ni tundu la msumari.
- Mgonjwa ana kisukari na jeraha liko mguuni, au anatumia dawa za kuzuia damu kuganda.

Kwa kidole kilichokatwa na kisu kuna kipimo kidogo ambacho watu hawakifanyi. Mwambie akunje kidole mpaka kiungo cha mwisho, kisha akinyooshe. Halafu mgusie ncha ya kidole kwa upole, akiwa amefumba macho, aseme kama anasikia. Kiungo kimoja kisipokunja, au pakiwa na ganzi, kano au mshipa wa fahamu umekatika hata kama mkato wenyewe unaonekana mdogo. Huyo aende leo.

Leo, nasema. Jeraha linalohitaji nyuzi hushonwa vizuri zaidi ndani ya saa 6 hadi 8 tangu kuumia. Kesho yake asubuhi vijidudu vimeshajenga nyumba humo, na mganga anaweza kuamua kuliacha wazi kwa sababu kulishona ni kuvifungia ndani.

Akiumwa na mbwa, paka au mnyama wa porini, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 kamili, kisha nenda ukapate chanjo ya kichaa cha mbwa siku hiyohiyo. Usingoje kuona mbwa atafanya nini. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona.

## Hatua ya 4: Osha mpaka uchoke, halafu osha tena

Hii ndiyo hatua inayoamua kila kitu, na ndiyo inayopewa sekunde tano.

Kama nyumba ina bomba la maji safi, weka jeraha chini ya maji yanayotiririka kwa dakika 5 mpaka 10. Usiifungue koki kwa nguvu zote. Kama huna bomba, jaza chupa yako yenye mfuniko uliotobolewa, ishike umbali wa vidole vinne kutoka kwenye jeraha na uiminye maji yatoke kwa kasi. Kwa mkato mdogo maliza chupa moja ya nusu lita. Kwa goti zima lililochubuka maliza mbili au tatu. Elekeza maji yatoke katikati ya jeraha kwenda nje, yasirudi ndani na uchafu wa pembeni.

Kasi ya maji ndiyo inayofanya kazi. Kumwagia kwa kikombe au kupangusa kwa kitambaa kilicholowa huhamisha mchanga kutoka upande huu kwenda ule. Maji yanayopiga kwa msukumo huung'oa na kuondoka nao. Jeraha lililooshwa vizuri linabaki na vijidudu vichache, ambavyo mwili una uwezo wa kuvimaliza wenyewe.

Sabuni itumie kwenye ngozi inayolizunguka jeraha. Ikiingia kidogo ndani itawasha, lakini haitaharibu kitu, suuza tu.

Ukitaka maji ya chumvi, koroga kijiko 1 cha chai cha chumvi kwenye nusu lita ya maji yaliyochemshwa. Hayawashi kama maji matupu, basi. Hayana nguvu ya ajabu kuliko maji safi, na kuongeza chumvi "ili yawe makali" ni kumtesa mgonjwa bure. Maji ya bahari nayo, pamoja na heshima zote kwa wazee wetu wa Pwani, yana vijidudu vyake. Mwenye jeraha bichi asipelekwe kuogelea.

Mtoto mdogo atalia. Mkalishe mapajani kwa mtu anayemwamini, tumia maji ya uvuguvugu, na mwache mwenyewe aiminye chupa mara moja mbili. Ukimdanganya kwamba haitauma, kesho hatakupa tena goti lake. Mwambie itauma kidogo mpaka uhesabu hamsini, kisha hesabu kweli.

Utajua umemaliza pale sakafu ya jeraha itakapoonekana nyekundu safi au ya waridi, bila chembe nyeusi, bila nyasi, bila rangi ya udongo.

## Hatua ya 5: Toa kilichong'ang'ania

Kokoto na mchanga uliokwama baada ya kuosha lazima utoke. Ukiachwa huleta usaha, na hata usipoleta, ngozi huufunika na kubaki na alama nyeusi maisha yote kama chale. Angalia magoti ya waendesha baiskeli wa zamani uone.

Chemsha kibanio dakika 10, au kisugue kwa spiriti na kukiacha kikauke. Toa chembe mojamoja ukienda sambamba na ngozi, usichimbe. Chembe ndogo zilizosambaa, zisugue polepole kwa shashi iliyolowa maji. Damu kidogo ikianza tena, gandamiza dakika mbili.

Ukijaribu kwa dakika kumi na bado pamejaa mchanga, acha. Zahanati watapiga ganzi na kusafisha bila mtoto kuumia.

## Hatua ya 6: Dawa, yaani karibu hakuna

Paka mafuta ya mgando, safu nyembamba. Yachote kwa kijiko kilichochemshwa, usitumie kidole.

Najua umeshangaa. Tumelelewa na imani kwamba kidonda lazima kikauke. Mwaka 1962 mtafiti George Winter alilinganisha majeraha ya juu juu kwenye ngozi ya nguruwe: yaliyofunikwa yakabaki na unyevu yalipata ngozi mpya kwa kasi ya karibu mara mbili ya yale yaliyoachwa wazi yakatengeneza kigaga. Seli za ngozi hutambaa kutoka pembeni kwenda katikati. Juu ya unyevu zinateleza, lakini zikikuta kigaga kigumu zinalazimika kuchimba kupita chini yake. Mafuta ya mgando hushikilia huo unyevu, na faida yake nyingine ni kwamba bandeji haitanata.

Sasa twende kwenye kabati la dawa la kila nyumba.

Spiriti na haidrojeni peroksaidi. Zinaua vijidudu, kweli. Zinaua pia seli changa zinazokuja kuziba jeraha. Lile povu linalofurahisha watu si uchafu unaotoka. Ni dawa inavyokutana na damu na seli zako. Spiriti ibaki kwa vibanio.

Dettol na dawa nyingine za kuchanganya na maji. Kama utaitumia, fuata kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Wengi humimina moja kwa moja, na ninaona ngozi imeungua kuzunguka mkato ambao ungepona wenyewe.

Iodini. Ile ya kahawia ya povidoni, kwa jeraha lililokuwa chafu sana, inaweza kutumika mara ya kwanza. Si ya kupaka kila siku wiki nzima. Asiitumie mwenye mzio wa iodini au ugonjwa wa tezi ya shingo bila kuuliza.

GV. Kero yangu kubwa na GV ni kwamba inaficha. Ukishapaka zambarau, huwezi tena kuona kama ngozi inabadilika rangi, na hiyo ndiyo taarifa utakayoihitaji siku ya tatu.

Unga wa kapsuli za rangi mbili. Hili liishe. Kapsuli imetengenezwa iyeyuke tumboni. Unga wake kwenye jeraha huganda kama saruji, hufungia uchafu chini yake, unaweza kuleta mzio mkali, na unawazoesha vijidudu dawa mpaka siku ukiihitaji kweli haikusaidii. Kwa sababu hiyohiyo, mchubuko mdogo uliooshwa vizuri hauhitaji kumeza antibayotiki yoyote.

Majivu, kahawa, dawa ya meno, mafuta ya taa, unga wa ngano, utando wa buibui, udongo, samadi. Kahawa na unga huonekana kusimamisha damu kwa sababu vinafyonza na kuganda. Kisha vinabaki humo, na kama jeraha litahitaji kushonwa, mganga atatumia nusu saa kukwangua. Udongo na samadi ni hatari zaidi, kwa sababu nitakayoifikia kwenye Hatua ya 8.

Asali. Hospitali zinazotumia asali kwenye vidonda hutumia iliyosafishwa kwa mionzi. Ile ya chupa ya soda kutoka barabarani ni ya chai.

## Hatua ya 7: Funika

Kausha ngozi ya pembeni kwa kugusisha shashi, usisugue. Plasta haishiki kwenye ngozi yenye maji au mafuta, kwa hiyo mafuta ya mgando yaishie kwenye jeraha lenyewe.

Mkato mdogo: sogeza midomo yake ikutane, kisha bandika plasta ikikatiza mkato, siyo kuufuata urefu wake. Ukiibandika kwa urefu haivuti kitu. Mchubuko mpana: shashi iliyokunjwa mara mbili, iliyozidi ukingo wa jeraha kwa upana wa kidole kila upande, halafu plasta ya roli au bandeji.

Ukizungusha bandeji kwenye kidole au mkono, anza mbali na mwili ukija kuelekea mwilini. Ukimaliza, minya ukucha mpaka uwe mweupe, achia. Rangi irudi ndani ya sekunde 2. Ikichelewa, au akisema vidole vinachoma, vina ganzi au vimekuwa vya baridi, fungua ufunge upya.

Bandeji nzuri ni ile anayeisahau. Akiilalamikia, imekaza, ikizunguka yenyewe, imelegea.

Halafu safisha ulipofanyia kazi. Shashi zenye damu zifunge kwenye mfuko na uzitupe chooni cha shimo au uzichome, mahali mbwa na watoto hawafiki. Damu iliyomwagika sakafuni: changanya kipimo 1 cha dawa ya klorini ya kufulia, ile ya asilimia 3.5, na vipimo 6 vya maji, mwagia, subiri dakika 10, futa. Klorini hiyo isikaribie jeraha.

## Hatua ya 8: Uliza lini mara ya mwisho alichanjwa pepopunda

Usiiruke hata kama jeraha ni dogo kama punje.

Pepopunda haitokani na kutu. Kijidudu chake hukaa kwenye udongo na kwenye kinyesi cha wanyama, na mbegu zake huvumilia miaka. Msumari wenye kutu unaogopwa kwa sababu umekaa chini kwenye udongo. Msumari mpya uliookotwa zizini ni hatari vilevile. Na kijidudu hicho hupenda mahali pasipo na hewa, ndiyo maana tundu jembamba na refu ni baya kuliko mkato mpana unaovuja damu. Kupigapiga tundu kwa kandambili au kulikanda kwa mafuta ya moto hakufiki huko chini.

Watoto Tanzania na Kenya hupata kinga hiyo ndani ya chanjo ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Kinga hiyo hupungua na umri. Wanawake wengi huongezewa kliniki wakiwa wajawazito. Mwanaume mtu mzima mara nyingi hana nafasi kama hiyo, na ndiye mwenye jembe, panga na mabati.

Kanuni ni fupi. Jeraha safi dogo: achanjwe kama imepita miaka 10 tangu chanjo ya mwisho. Jeraha chafu, la tundu au lenye udongo au samadi: achanjwe kama imepita miaka 5. Hajui, au hakumaliza dozi zake za awali? Aende, tena mapema. Andika tarehe nyuma ya mfuniko wa kopo lako la huduma ya kwanza. Kadi za kliniki hupotea.

Ugonjwa wenyewe huanza kati ya siku 3 na 21 baada ya kuumia, wakati jeraha limeshasahauliwa. Taya linakaza, kumeza kunakuwa kugumu, shingo inakakamaa. Hapo ni hospitali kubwa bila kupita popote.

## Hatua ya 9: Siku zinazofuata

Badilisha bandeji mara moja kwa siku, na kila inapolowa au kuchafuka. Nawa mikono kwanza, kila mara. Ikiwa imenata, usiivute kwa ushujaa. Iloweshe kwa maji dakika tano, itaachia yenyewe. Suuza jeraha, paka mafuta ya mgando, funika upya. Kuoga ruhusa, mradi unabadilisha baadaye.

Hivi ndivyo kupona kunavyoonekana. Siku ya kwanza na ya pili panauma, pamevimba kidogo, pana joto, na panatoa maji mepesi ya njano njano. Hayo si usaha. Ni majimaji ya mwili, na ndiyo yanayolea ngozi mpya. Kuanzia siku ya tatu au ya nne maumivu yanapungua, na pembeni unaanza kuona ukingo wa waridi unaosogea ndani. Michubuko mingi ya juu juu hufunga ndani ya wiki moja au mbili. Magoti na viwiko huchelewa kwa sababu kila ukivikunja ngozi inavutika.

Kipimo changu ni swali moja: leo panauma kuliko jana? Maumivu yanatakiwa kushuka. Yakipanda baada ya siku ya pili, tafuta mengine: uvimbe unaosambaa, ngozi kuvutika na kung'aa, joto kali ukigusa kwa mgongo wa kiganja, usaha mzito, harufu, homa. Kwenye ngozi yetu nyeusi usingoje wekundu ulioandikwa vitabuni. Pembeni huweza kuonekana peusi zaidi au pa zambarau. Chora ukingo wa uvimbe kwa kalamu ya wino, tazama baada ya saa kadhaa. Ukivuka mstari, nenda.

Mtoki nao ni taarifa. Mtu ameumia mguu, siku mbili baadaye anapata tezi inayouma kwenye kinena: mwili unapambana na kitu kilichopanda kutoka kwenye jeraha. Wengi hukanda mtoki kwa maji moto na kulisahau jeraha lililouleta. Rudi mguuni, lifungue, litazame, kisha nenda zahanati, na uende haraka zaidi kama kuna mstari unaopanda kutoka kwenye jeraha au ana homa.

Acha kufunika pale ngozi itakapokuwa imefunga yote na haitoi tena majimaji. Kama kigaga kilijitokeza, usikibandue na usimruhusu mtoto; kitaanguka kikiwa tayari. Kuwasha siku hizo ni kawaida, paka mafuta ya mgando na kata kucha zake. Na kama ukoo wenu una watu ambao makovu yao huvimba na kutambaa, fuatilia alama mpya kwa miezi michache, hasa ikiwa kifuani, begani au sikioni. Ikianza kuinuka kupita mpaka wa jeraha lenyewe, mwone daktari wa ngozi ikiwa bado ndogo.

Kabla hujalirudisha kopo juu ya kabati, hesabu shashi zilizobaki.